Barua za familia, picha na karatasi za utafiti kwenye hifadhi za nyaraka za Ayalandi: naanzia wapi?

Kabrasha Jipya ameuliza:

Wakuu, habari za majukumu.

Naandaa tasnifu ya uzamili kuhusu Waayalandi waliofanya kazi pande zetu hizi: masista na madaktari wa Kenya, Uganda na Tanganyika kuanzia miaka ya 1920, pamoja na askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa Katanga kati ya 1960 na 1964. Ripoti za serikali na magazeti ninayo ya kutosha. Ninachokosa ni vitu vya ndani: barua walizoandikia nyumbani, albamu, shajara, daftari za utafiti.

Nikiingiza jina la mtu kwenye katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Ayalandi napata sifuri, au naletewa wengine mia wenye jina hilohilo (kule kila mtu ni Murphy). Fedha niliyonayo ni ya wiki moja Dublin, na labda siku moja Belfast. Naomba kujua:

1. Barua za namna hii hukaa wapi na hutafutwaje?
2. Kipi niagize kwa barua pepe nikiwa huku, na kipi lazima nikione kwa macho?
3. Picha zisizo na maelezo nazifanyaje?
4. Nikitaka kunukuu au kuchapisha picha, ruhusa naomba kwa nani?

Natanguliza shukrani.

---

Jalada Namba Tatu amejibu:

Mkuu, katalogi haina kosa. Unamtafuta aliyeandika, na barua hukaa kwa aliyeipokea. Ikishatiwa posta inaishia kwenye droo ya mama, kaka au mkubwa wa shirika, na siku droo hiyo inapopelekwa hifadhini, boksi linabandikwa jina la familia iliyolitoa. Wahifadhi hawavunji mpangilio wa mwenye nyaraka ili wapange upya kwa mada. Kwa hiyo barua sitini za sista wako zinaweza kuwa zimelala ndani ya makabrasha ya kaka yake aliyekuwa wakili, zimeorodheshwa kwa mstari mmoja tu: "barua kutoka kwa ndugu walioko ng'ambo, 1931–48". Jina lake halionekani popote.

Chukua mfano wa Roger Casement, aliyezaliwa Dublin 1864 na kuandika ile ripoti kuhusu ukatili wa Kongo iliyotolewa 1904. Barua alizomwandikia binamu yake Gertrude Bannister zipo Maktaba ya Taifa, Dublin. Barua alizomwandikia mwanaharakati E. D. Morel kuhusu Kongo zipo London, kwenye karatasi za Morel, chuo cha LSE. Shajara yake ya 1903, mwaka aliopanda mto Kongo, ipo Kew kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza. Mtu mmoja, sehemu tatu, na sababu ya kila sehemu ni nani aliyebaki na karatasi mkononi.

Karatasi za utafiti nazo hutawanyika vivyo hivyo. George Boole alifundisha hisabati Cork tangu 1849 hadi alipofariki 1864. Barua za kifamilia, zikiwemo alizomwandikia dada yake Maryann, zipo maktaba ya Chuo Kikuu cha Cork; miswada mingi ya kisayansi iko Royal Society, London. Denis Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen aliyesoma chuo cha Trinity, Dublin, na kufanya upasuaji Uganda, shajara zake ziko maktaba ya Wellcome, London. Kinyume chake ni ngome ya Birr, katikati ya Ayalandi: familia ya Parsons, wale waliojenga darubini yenye kioo cha inchi 72 mwaka 1845, bado wana barua, kumbukumbu za angani na picha alizopiga Mary Rosse kwenye nyumba ileile, na msomaji huandika kuomba miadi. Usidhani kila kitu kiko Dublin.

Sasa hatua zenyewe. Jenga familia kwanza, nyaraka baadaye. Sensa za 31 Machi 1901 na 2 Aprili 1911 ziko mtandaoni bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ayalandi. Fungua fomu ya kaya, picha ya karatasi yenyewe, usiishie kwenye maandishi yaliyochapwa, maana waliochapa walikosea majina mengi. Pale utapata wote waliolala nyumba ile usiku ule, umri, dini na kazi, na fomu ya 1911 inaonyesha hata mwanamke aliyeolewa alizaa wangapi na wangapi wako hai. Sahihi ya mkuu wa kaya ipo chini. Ihifadhi: ukikutana baadaye na barua isiyo na jina unayoshuku ni ya baba, unacho kipimo cha kulinganisha mwandiko.

Orodha ya ndugu ukishaipata, ndiyo orodha yako ya wapokeaji. Endelea na irishgenealogy.ie, ambako vyeti vya kuzaliwa vya zaidi ya miaka 100, vya ndoa vya zaidi ya 75 na vya vifo vya zaidi ya 50 vinaonekana bure. Dada walioolewa walibadili majina, na barua nyingi ziko kwa dada, si kwa kaka. Halafu ndipo uingie katalogi ukiwa na majina ya ndugu, jina la kijiji, jina la nyumba au shamba, na jina la ukoo wa shemeji.

Anza na iar.ie, inayokusanya maelezo ya makusanyo kutoka hifadhi nyingi, zikiwemo ndogo usizowahi kuzisikia. Maktaba ya Taifa ina sehemu mbili za kutafutia: katalogi kuu, na hifadhidata iitwayo Sources, iliyotokana na kazi kubwa ya Richard Hayes ya kuorodhesha miswada ya Ayalandi iliyokuwa ndani na nje ya nchi. Tafuta kote kuwili. Tena makusanyo makubwa yana orodha yake ya pdf, na maneno yaliyomo humo ndani mara nyingi hayashikwi na kisanduku cha kutafutia. Pakua pdf yenyewe uitafute ndani.

Zizoee namba. UCD (University College Dublin) makusanyo yao yanaanza na P (za de Valera ni P150), PRONI, hifadhi ya serikali iliyoko Belfast, karatasi binafsi zinaanza na D na nakala na T, Maktaba ya Taifa na Trinity hutumia MS. Ukiona namba kwenye tanbihi ya kitabu cha mtu, utajua pa kuipeleka.

Kosa moja la kwetu watu wa huku: tunatafuta kwa majina ya leo. Andika Elisabethville, Albertville na Jadotville, si Lubumbashi, Kalemie na Likasi. Kilimanjaro ijaribu pia kwa maneno mawili.

Kwa askari, Nyaraka za Jeshi ziko ndani ya kambi ya Cathal Brugha, Rathmines, na huingii bila miadi. Tafuta kwa namba ya batalioni. Kila batalioni ilikaa Kongo takriban miezi sita, hivyo tarehe ya barua inakupa batalioni na batalioni inakupa majalada. Shambulio la Niemba, 8 Novemba 1960, ni batalioni ya 33. Mapigano ya Jadotville, Septemba 1961, ni kombania A ya batalioni ya 35. Makusanyo binafsi yaliyotolewa na familia yanatunzwa kando na majalada rasmi. Uliza yote mawili kwa jina, la sivyo utaletewa ripoti za kijeshi tupu.

---

Shajara ya Nyumba amejibu:

Hapo kwenye masista niongeze, kwa sababu sheria za hifadhi za serikali hazifanyi kazi huko. Nyaraka za shirika la kitawa ni mali binafsi. Hakuna anayelazimika kukufungulia, na mara nyingi mtunzaji ni mmoja tu, tena anakuja siku mbili kwa wiki. Andika miezi mitatu kabla. Barua iwe fupi: wewe ni nani, chuo gani, msimamizi wako nani, nyumba ipi ya masista, miaka ipi, na unataka kuona nini. Ambatanisha barua ya msimamizi. Ukiandika "nataka kila kitu kuhusu Kenya" utajibiwa kwa upole kwamba hakuna.

Majina ndiyo mtego mkubwa. Sista aliacha jina lake la ubatizo siku ya kuvikwa vazi la kitawa, akaitwa Mary fulani, mara nyingine jina la mtakatifu wa kiume. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wengi walirudia majina yao ya mwanzo. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na majina mawili kwenye barua, la tatu kwenye sensa ya 1911, na maelezo ya picha yakamwita "Mother" bila kingine. Tengeneza jedwali la majina kabla hujafungua boksi. Mama Kevina wa Uganda ni mfano unaojulikana: alizaliwa Teresa Kearney, Wicklow, 1875, akafika Uganda 1903. Ukitafuta Kearney peke yake utapishana naye.

Na huyo huyo anakufundisha jambo jingine. Alifika akiwa mtawa wa Wafransisko wa Mill Hill, London. Tawi la Afrika lilijitegemea 1952, makao yakawa Mount Oliver, Dundalk. Kwa hiyo barua za kabla ya 1952 usizisake Ayalandi peke yake, ulizia upande wa Mill Hill pia. Kila shirika lina siku kama hiyo ya kugawanyika au kuungana. Ijue kwanza, ndiyo inayoamua boksi liko nchi gani.

Barua za nyumbani zisome ukikumbuka kwamba enzi hizo mkubwa wa nyumba alikuwa na haki ya kuzisoma kabla hazijatoka. Ukiona kila barua inasema "tuko wazima, Mungu ni mwema, mvua zimechelewa", usihitimishe kwamba hapakuwa na matatizo. Linganisha na kitabu cha matukio ya nyumba, kile wanachojaza siku kwa siku: nani kaugua, nani kahamishwa, simenti mifuko mingapi, watoto wangapi shuleni. Kwangu mimi kitabu hicho kina thamani kuliko barua hamsini, na hufunguliwa kwa urahisi zaidi kuliko jalada la mtu binafsi, ambalo kwa kawaida limefungwa kabisa.

Picha za majarida ya misheni zilichaguliwa ili kuchangisha fedha. Omba zilizoachwa, zile zilizobaki kwenye bahasha.

---

Penseli Tupu amejibu:

Mimi nizungumzie hiyo wiki moja, maana watu wengi wanaimaliza kwenye foleni.

Viza kwanza. Ayalandi haimo Schengen, kwa hiyo viza ya Schengen haikufikishi Dublin. Belfast ni Uingereza, na viza ya Ayalandi haikupi ruhusa ya kuingia huko. Mpango wa viza moja kwa nchi hizo mbili upo kwa raia wa China na India tu. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji zote mbili, na ile ya Ayalandi iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo ukishavuka kwenda Belfast huna haki ya kurudi. Kwenye treni huenda hakuna atakayekuuliza, lakini ukaguzi wa ghafla upo. Kwa siku moja tu mimi ningeiacha Belfast: katalogi ya PRONI ni nzuri sana mtandaoni, agiza nakala.

Dublin, pata kadi ya msomaji siku ya kwanza asubuhi: kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa anwani. Kila taasisi ina kadi yake. Miswada mingine haikai kwenye jengo unaloingia, inaletwa kutoka ghala la nje, kwa hiyo tuma namba za majalada kwa barua pepe kabla ya safari na usubiri jibu linalosema yapo na yamefunguliwa. Swali hilo la pili ndilo watu wanalosahau. Katalogi inaweza kuonyesha jalada ambalo lipo kwa fundi wa kuhifadhi, au limefungwa kwa masharti ya aliyelitoa.

Ndani ya chumba: penseli, kompyuta, simu. Kalamu ya wino, chupa ya maji na begi vinabaki kwenye kabati. Jalada moja mezani kwa wakati mmoja, na karatasi zibaki kwa mpangilio uliozikuta hata kama unaona wazi umekosewa. Mwambie mhudumu, usipange wewe, kwa sababu mpangilio mbovu nao unaweza kuwa wa mwenyewe, na msomaji ajaye ana namba ya ukurasa kutoka kwenye tanbihi ya mtu.

Kupiga picha kwa simu kunaruhusiwa sehemu nyingi ukijaza fomu, bila mwanga wa flashi, ila kila nyumba ina kanuni yake na wengine hutoza ada ya siku. Fuata mpangilio huu bila kuruka: lebo ya boksi, jalada la nje, kipande cha karatasi chenye namba kamili ya rejea, kisha barua, mbele na nyuma, pamoja na kurasa tupu, mwisho bahasha, pande zote mbili. Kipande chenye namba kiache pembeni kionekane kwenye kila picha. Ukilisahau hilo utarudi Morogoro au Kisumu na picha elfu mbili nzuri usizoweza kuzinukuu hata moja. Kwa mwendo huo usitarajie kupita kurasa 100 hadi 150 kwa saa. Gawa saa zako kwa hesabu hiyo kabla hujaagiza maboksi.

Majina ya mafaili yabadilishe jioni hiyohiyo: taasisi, namba, tarehe ya barua kwa mwaka-mwezi-siku, namba ya picha. Na nakala mbili, moja isikae kwenye begi moja na simu.

Swali lako la pili: agiza ukiwa huku kitu chochote chenye namba kamili na kurasa chache. Kione kwa macho kile ambacho orodha inasema "barua mbalimbali" au "karatasi za ziada". Kwenye barua ya maombi taja namba, idadi ya kurasa unayokadiria, matumizi (kusoma tu au kuchapisha) na uombe bei kabla hawajaanza kazi. Bei ya kusoma na bei ya kuchapisha hazifanani.

---

Kabrasha Jipya:

Asanteni sana, kumbe nilikuwa nagonga mlango usio wenyewe. Swali dogo: glavu nibebe za pamba au watanipa? Na kwenye picha bado sijapata mwongozo. Kuna albamu mbili za familia ambazo hifadhi imezitaja kama "picha za Afrika, hazijatambuliwa".

---

Kioo na Gelatini amejibu:

Glavu za pamba achana nazo kwenye karatasi. Zinakuondolea hisia ya vidole, zinakamata ukingo uliochanika, na ndivyo barua inavyopasuka. Mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri inatosha, bila losheni. Kwenye picha na negativu ni tofauti: jasho la kidole linakula madini ya fedha yaliyomo kwenye gelatini, na alama inajitokeza hata miaka mingi baadaye. Hapo watakupa glavu laini za nitraili. Negativu ya kioo ishike kwa kingo, upande usiong'aa ndio wenye picha.

Kuhusu albamu zisizotambuliwa, anza na kitu chenyewe kabla ya sura za watu. Pima. Kadi ngumu ya sentimita kama 6 kwa 10 yenye picha ya kahawia iliyobandikwa juu ni ya studio ya karne ya 19. Picha ndogo za 6 kwa 9 zisizo na jina la studio zimetoka kwenye kamera ya boksi na filamu ya mkunjo, zile ambazo masista na familia walizitumia tangu miaka ya 1920 hadi ya 1950. Slaidi za rangi kwenye fremu ya sentimita 5 kwa 5 ndizo utakazokutana nazo kwa askari wa Katanga. Fremu nyingine za kadibodi zimegongwa mwezi na mwaka, ila hiyo ni tarehe ya kusafishwa filamu. Filamu ilipelekwa Ulaya kwa posta au ilisubiri mtu arudi likizo, kwa hiyo picha inaweza kutangulia muhuri kwa miezi. Slaidi iliyogeuka nyekundu yote ni rangi iliyokufa, haikupigwa jioni.

Halafu geuza nyuma. Kila picha, hata inayoonekana tupu. Penseli iliyofifia inasomeka ukiinamisha picha ili mwanga uje kwa ubavu. Muombe mhudumu akushikie, usitumie tochi ya simu bila ruhusa. Kama ni postikadi, stempu inakuambia mengi. Kwa upande wa Ayalandi, stempu za mfalme wa Uingereza zikiwa zimepigwa chapa ya maneno ya Kiayalandi juu yake zinaanzia Februari 1922. Yenye ramani ya kisiwa ni Desemba mwaka huo. Kwa upande wetu, twiga wa Tanganyika anaanzia 1922, na stempu za pamoja zenye majina Kenya, Uganda na Tanganyika zinaanzia 1935. Postikadi yenye stempu ya nchi tatu haiwezi kuwa ya 1930, hata kama mjukuu kaandika hivyo kwa kalamu ya bluu.

Na hapa ndipo msomaji wa huku anapowazidi wenyeji wa Dublin. Mhifadhi wa kule ataona "kanisa, Afrika". Wewe utaona kanga na maandishi yake, kibao cha duka, aina ya paa, mlima nyuma. Andika unachokiona na sababu ya kila hitimisho, ukitenganisha "nina hakika" na "nadhani", uwapelekee pamoja na namba ya picha. Hifadhi nyingi hupokea marekebisho ya maelezo kwa furaha, na kwa uaminifu huo boksi linalofuata hufunguka haraka.

Usibandue picha kwenye albamu za kurasa zenye gundi na plastiki, zile zilizoenea tangu miaka ya 1970. Gundi ile imeshashika karatasi, utatoa nusu ya sura ya mtu. Piga ukurasa mzima, kisha kila picha, kwa kuwa mpangilio wa ukurasa nao unakuambia nani alikuwa safari moja na nani. Ukiambiwa negativu fulani hazitolewi, usione umenyimwa: filamu za kabla ya 1951 zinaweza kuwa za naitreti, zinashika moto kirahisi, hukaa kwenye baridi na msomaji hupewa skani. Zenye harufu kali ya siki ni asetati inayooza, nazo zinahitaji skani mapema kuliko zote.

---

Mwandiko Mbaya amejibu:

Niongeze kuhusu kusoma, kwa sababu skani ukishapata kazi ndiyo inaanza.

Barua za karne ya 19 utazikuta zimeandikwa mara mbili kwenye ukurasa mmoja, mistari ya pili ikikatiza ya kwanza kama wavu. Kabla ya posta ya peni moja, Januari 1840, gharama ilihesabiwa kwa idadi ya karatasi na umbali, na hata baadaye barua za ng'ambo ziliendelea kuwa ghali. Zungusha skani nyuzi 90, ongeza utofauti wa mwanga, soma tabaka la juu kwanza. Macho yakizoea mwelekeo mmoja, ule mwingine unafifia wenyewe.

Barua yenye "Jumanne jioni" bila mwaka ina njia ya kufungwa. Tafuta muhuri wa posta kwenye bahasha, ila hakikisha bahasha ni yake kweli, maana familia huchanganya. Kisha sikukuu, msiba au meli iliyotajwa ndani. Ukipata tarehe na siku ya wiki, kalenda ya kudumu inakuachia miaka michache tu ya kuchagua. Vifupisho viwili vinawaangusha wengi: "inst." ni mwezi huuhuu wa barua, "ult." ni mwezi uliopita. Tarehe unayoikisia iweke ndani ya mabano ya mraba kwenye nakala yako.

Majina ya Kiayalandi: mtu yuleyule anaweza kusaini Murphy kwa benki na Ó Murchú kwa rafiki. Mwanamke asiyeolewa wa ukoo huo ni Ní Mhurchú, aliyeolewa ni Bean Uí Mhurchú au kwa kifupi Uí. Ukitafuta kwa Ó peke yake wanawake wote wanakupotea. Kwenye herufi za zamani, nukta juu ya konsonanti inasimama badala ya h. Miezi miwili mitatu ukiijua inatosha kupanga barua: Bealtaine ni Mei, Samhain ni Novemba, Nollaig ni Desemba.

Programu za kusoma mwandiko zinasaidia kwenye daftari nene la mkono mmoja. Kwenye barua tano tano za watu tofauti hazina faida, na majina ya mahali ya Kiswahili zinayaharibu vibaya.

Kama barua zako ni za wahamiaji kwa ujumla, angalia pia mkusanyiko wa Imirce wa Chuo Kikuu cha Galway, uliojengwa juu ya maelfu ya barua alizokusanya mwanahistoria Kerby Miller. Nyingi ni za Amerika, lakini utajifunza namna familia moja ilivyoandika, na hilo linasaidia kusoma za kwako.

---

Jalada Namba Tatu amejibu:

Swali la nne halijaguswa. Mwenye karatasi na mwenye hakimiliki ni watu wawili. Hifadhi inamiliki karatasi na inaweza kukuwekea masharti ya kupiga picha. Maneno ya barua ni ya mwandishi na warithi wake, kwa hiyo kumbuka wamebadilika: ulipotafuta ulimfuata mpokeaji, kwenye ruhusa unamrudia mwandishi. Kwa sheria ya Ayalandi ya mwaka 2000 haki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, bila kujali barua ni ya mwaka gani. Picha ni ya aliyepiga, si ya aliyemo ndani. Askari aliyeandika 1961 akiwa na miaka 20 anaweza kuwa hai leo, na hapo ukiacha hakimiliki kuna sheria ya taarifa binafsi pia.

Kunukuu mistari michache ndani ya tasnifu kwa ajili ya uhakiki, ukitaja chanzo, kwa kawaida hakuleti shida. Kuchapisha barua nzima au picha ni jambo la kibali cha maandishi. Muulize mhifadhi kama ana anwani ya familia iliyotoa makusanyo. Hatakupa, lakini atawapelekea barua yako. Ukikosa jibu, tunza kumbukumbu ya nani ulimwandikia na lini. Picha za wagonjwa, hasa wodi na vituo vya ukoma, zifikirie mara mbili hata kama sheria inaruhusu: wajukuu wao wako huku, wanasoma Kiswahili na watawatambua.

Tanbihi iandike hivi: mwandishi kwa mpokeaji, mahali na tarehe ya barua, jina la makusanyo, namba kamili, taasisi, mji. Jina la makusanyo usilitafsiri, liache kama lilivyo kwenye katalogi, ili anayekufuata aweze kuliagiza.